Sakafu ya Baba Uani

Harufu ya saruji mbichi hunirudisha kwetu Mwanza, kwenye nyumba ya mlimani katikati ya mawe, ambako tuliishi wawili tu, mimi na Baba. Mama alifariki nikiwa mdogo mno kumkumbuka. Baba alifanya kazi kiwandani Nyakato, na nikitoka shule nilizungumza na kuku mpaka jioni.

Rafiki nilikuwa naye mmoja, Koku, binti wa familia ya Kihaya iliyoishi chini yetu mteremkoni. Mvua ikinyesha hatukuruhusiwa kutembeleana, basi tukabuni mchezo. Nilitupa kizibo cha soda kwenye mfereji wa uani kwetu, maji yakakishusha hadi kwao, naye akikidaka anagonga sufuria. Vingi vilinasa kwenye nyasi. Lakini kimoja kikifika, mlio ule ulinitosha wiki nzima.

Kisha Baba akaamua kusakafia ua wote. Alikulia Magu kwenye majaruba ya mpunga, na tope hakutaka hata kulisikia. Alifyeka nyasi, akang'oa viazi, akamwaga zege kutoka mlangoni hadi ukingo wa mteremko. Sakafu ilipendeza, nisikudanganye. Wageni walivulia viatu uani. Mama Koku alipanda kuitazama, akasema, "Baba Kabula, hapa hata ugali mtu anakula chini." Siku hiyo Baba alitembea kama bwana harusi.

Mimi nilifurahi kwa sababu yangu: vizibo sasa vilifika vyote.

Wazee walikuwa wakilalamika kwamba mvua za siku hizi hazina adabu, zinajificha miezi kisha zinamwaga yote mchana mmoja. Mchana mmoja kama huo nilikuwa peke yangu barazani. Maji yaliteleza juu ya sakafu kwa kasi ambayo sijapata kuiona. Nikatupa kizibo, nikasikiliza. Kimya. Nikatupa kingine. Nilidhani Koku amenichoka, nikalia huku nikiendelea kutupa mpaka vikaisha. Kumbe sufuria za kwao zilikuwa zinaelea.

Ukuta wao wa matofali ya udongo uliangukia ndani. Hakuna aliyeumia. Baba alipotoka kazini alishuka kuzoa tope, nami nikamfuata. Mama Koku hakugomba. Alisema tu, "Maji yakimwagika hayazoleki, Baba Kabula." Koku alikuwa ameshapelekwa kwa ndugu zao Kisesa, na wiki hiyo hiyo wote wakahamia huko. Hatukuagana.

Jumapili Baba alichukua sururu akaanza kuivunja sakafu yake. Alichimba shimo refu ukingoni, akalijaza vile vipande, akainua tuta kama la jaruba na kupanda nyasi. Majirani walisema upweke umempanda kichwani. Nilipomuuliza kwa nini anaharibu ua wetu mzuri, alijibu, "Shika ndoo, mama."

Nilishika ndoo bila kuelewa. Ni ukubwani ndipo nilipotambua kwamba zile Jumapili zote alikuwa akimwomba radhi mtu aliyekwisha kuhama.

Pale chini sasa wanaishi watu wengine, na mvua ya kwetu haiwafikii tena. Juzi nilipokwenda kumsalimia Baba ilinyesha sana. Alipolala nilitoka nikatupa kizibo mferejini. Kilikwenda hatua chache, kikanasa kwenye nyasi, kama Baba alivyotaka. Nikabaki nimesimama pale, nikisikiliza sufuria.