Nilivyong'oa Maua ya Mama

Harufu ya maji yaliyooshewa ndagala, dagaa wa ziwa letu, yakimwagwa kwenye mchanga wenye joto, hunirudisha mpaka leo kwenye ua wetu wa Kalemie, mwaka ule mama alipomfuata baba kaburini. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Niliacha shule nikauze ndagala sokoni, ili wadogo zangu wawili waendelee kusoma. Kwenye matanga watu waliniambia mkubwa ni jalala, hupokea yote. Nilipokea, lakini si kwa moyo mweupe kama walivyodhani.

Mama alikuwa ameacha mbegu za maua mafupi yenye majani manene yaliyojaa maji: mekundu, ya manjano, ya waridi, yanayofunguka jua likipanda na kufumba alasiri. Kila mwaka yalikufa, kila mwaka aliyapanda upya. Mdogo wangu Riziki, mwenye miaka minane, ndiye aliyekuwa akimsaidia, kwa hiyo alijua kwamba mbegu zile, ndogo kuliko chembe za mchanga, hazifukiwi. Alizichanganya na mchanga mkavu, akazinyunyiza zote mbele ya mlango, akazigandamiza kwa kiganja. Zikaota, shina jekundu jembamba kama uzi. Kila asubuhi, amekwisha kuvaa sare ya shule, alichuchumaa pale akaisalimia miche: "Mama, tuliamka."

Miche ilipofika kimo cha kidole, asubuhi moja Riziki akiwa shuleni, nilichukua jembe kupanua tuta la lengalenga, mchicha wetu wa kupika. Ningeweza kusema niliidhania magugu. Hapana, niliitambua vizuri. Kilichoniuma ni ile sare, na ile salamu ambayo mimi sikuwa na nafasi ya kuitoa. Niliing'oa yote, nikaitupa nyuma ya choo.

"Yaya, maua iko wapi?" aliniuliza aliporudi. Yaya ndivyo alivyoniita, mimi dada yake mkubwa.

"Kuku ya Mama Zaina njo ilikula," nilimjibu, nikiwasingizia kuku wa jirani.

Kesho yake akamvunja kuku mmoja mguu kwa jiwe. Jirani yetu Mama Zaina akaja, kuku mkononi. "Wee mutoto, kuku yangu ilikukosea nini?"

"Ilikula maua ya mama!"

Nikaogopa kwamba maneno yakirefuka, uongo wangu utajulikana. Nilikata fimbo, nikamchapa Riziki mbele ya jirani, kwa uongo wangu mwenyewe.

Njia ya mwongo ni fupi. Maua yale ni magumu kufa. Shina lililotupwa likipata unyevu hutoa mizizi. Baada ya mvua chache, nyuma ya choo palijaa rangi. Nilimkuta Riziki amesimama pale.

"Yaya," alisema taratibu, "kuku haina mikono."

Akayabeba machache machache, akayapanda tena mbele ya mlango. Mimi nikarudi kuosha ndagala.

Leo Riziki ni muuguzi, mdogo wetu wa kiume ni fundi wa boti, na mimi bado nauza ndagala. Siku ya ndoa yake, Riziki alisimama mbele ya wageni akasema, "Huyu Yaya njo mama yetu." Vigelegele vikapigwa, nami nikainamisha kichwa. Wageni walidhani ni unyenyekevu. Zamani nilikuwa mtoto mwenye hasira na njaa. Siku ile nilikuwa mtu mzima, sina kisingizio. Riziki akanishika mkono, akaubana. Hata hapo sikumwomba msamaha.