Dashibodi ya Kwanza ya Hildegarda

Mpaka anafikisha miaka hamsini na mbili, Hildegarda alikuwa ameshona sare za shule, mapazia ya kanisa na magauni ya maharusi, lakini hakuwahi kushona kitu chochote cha gari. Magari yalikuwa ya mume wake, Lupakisyo. Huyo ndiye aliyekuwa fundi wa viti pale Mkwatani, Kilosa, kwa miaka ishirini na sita, na madereva walimletea viti kutoka Rudewa mpaka Mikumi kwa sababu walijua akishavivalisha havichaniki mapema.

Mwaka juzi, asubuhi moja ya mwezi wa tatu, Lupakisyo aliamka mkono wa kulia ukiwa haumtii. Kilikuwa kiharusi. Alilazwa wiki tatu, akarudi nyumbani akitembea kwa fimbo, maneno yakimtoka moja moja kama mtu anayechambua mchele. Kibanda cha kazi alikirudisha kwa mwenyewe. Cherehani kubwa ya kushonea ngozi, mikasi na makopo ya gundi vikahamishiwa chumba cha uani, na Lupakisyo hakutaka mtu avitaje mbele yake.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Oswald alipoingia uani Jumamosi moja. Oswald alikuwa dereva wa Mikumi, kazi yake kuwaingiza wageni hifadhini. Gari lake lilikuwa zima kila mahali isipokuwa dashibodi. Jua lilikuwa limeipasua nyufa nne, mmoja ukipitisha kidole, na juu yake pananata kama pamemwagwa soda. Hoteli aliyokuwa akiifanyia kazi ilimwambia wazi kwamba wageni hawatapanda tena gari la namna ile. Walimpa wiki mbili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nimekuja na shida, mzee. Fundi Goodhope wa kule Mikumi amekataa. Anasema ninunue nyingine, na nyingine ya gari hili nimeitafuta mpaka Morogoro sijaiona."

Lupakisyo aliunyanyua mkono wa kulia kwa kutumia wa kushoto, akauweka juu ya goti ili mgeni auone vizuri. "Huu ndio mkono," alisema. "Haushiki hata kijiko."

Oswald aliinamisha kichwa. "Samahani mzee. Sikujua kama imefikia hapo."

Alikuwa amekwishageuka kuondoka Hildegarda aliposema, "Gari liache."

Alikuwa ameketi kibarazani akikunja kola za mashati ya shule. Wanaume wote wawili walimtazama.

"Mama Imani," Lupakisyo alisema taratibu, "dashibodi si sare."

"Najua si sare. Ndiyo maana utanielekeza. Wewe kichwa chako ni kizima, na mimi mikono yangu ni mizima."

Oswald, ambaye hakuwa na pengine pa kwenda, aliliacha gari.

Jumatatu walianza. Lupakisyo aliletewa kiti akakaa pembeni ya mlango wa gari, akielekeza kwa fimbo. Kwanza alimwamuru afungue vichwa vya betri, wanywe chai mpaka umeme uliobaki uishe, ndipo waguse kitu. Hildegarda akafungua skrubu moja baada ya nyingine, kila waya aliochomoa akiufunga uzi wa rangi yake, na rangi ile ile akiifunga pale ulipotoka. Hilo hakuelekezwa na mtu. Mumewe alitazama zile nyuzi nyekundu, za kijani na za njano, na fimbo ikaacha kugongagonga chini.

Walipofika upande wa abiria, Lupakisyo aliuweka mkono wake mzima juu ya kifuniko cha plastiki.

"Hapa... usivalishe. Gari likigonga, mfuko wa hewa unatokea hapa. Ukipashonea, mfuko hautoki. Mtu anakufa."

"Sitapagusa."

Dashibodi ilitoka saa tisa alasiri, ikalazwa juu ya meza ya kulia chakula. Siku mbili nzima Hildegarda alikuwa akipiga msasa na kujaza nyufa kwa puti, ikikauka anapiga msasa tena, mpaka alipofumba macho na kupitisha kiganja asijue ufa ulikuwa wapi. Hapo alijiona ameshafika.

Hakuwa amefika. Siku ya Alhamisi alipaka gundi, akatandika leza nyeusi, ngozi ya bandia aliyoileta Oswald, akaivuta na kuibana kingo zote. Ilipendeza. Jirani yao Magreth alikuja akasifu. Kesho yake waliitoa juani kuijaribu, na kufikia saa sita leza ilikuwa imevimba malengelenge katikati, na kwenye ule mviringo wa mbele ya dereva ilikuwa imenyanyuka kabisa.

Lupakisyo alilibonyeza lengelenge moja kwa kidole. "Bandua," alisema.

"Yote?"

"Yote. Gundi ulikuwa hujaiacha... ikauke kidogo. Nilikwambia."

"Hukuniambia."

"Nilikwambia usubiri."

"Uliniambia nisubiri. Nisubiri nini? Nisubiri mpaka lini?" Hildegarda aliweka kisu mezani. "Baba Imani, wewe unanielekeza kama unayemkumbusha mtu anayejua. Mimi sijui. Niambie kama unavyomwambia mtu aliyekuja leo."

Lupakisyo uso ulimbadilika. Kwa muda mrefu alihangaika na neno lililokuwa limemkwama, na mkewe hakumsaidia, alimsubiri. Mwishowe alinyoosha kidole cha mkono wa kushoto, akakichovya kwenye kopo, akapaka gundi kwenye pembe ya meza na kwenye kipande cha leza. Wakakaa. Kila baada ya muda alimwonyesha aguse. Mara ya kwanza gundi ilimfuata kidoleni kama asali. Mara ya tatu haikumfuata, ila aliisikia ikimshika.

"Hapo," alisema Lupakisyo.

"Sasa nimeelewa," alisema Hildegarda.

Jioni ile alibandua leza yote, na alipoitazama ile iliyoharibika aliona kosa la pili, ambalo mumewe hakulitaja. Yeye Lupakisyo alikuwa na mikono yenye nguvu, alizoea kuvuta kipande kimoja mpaka kikubali umbo. Mikono ya Hildegarda haikuwa na nguvu hiyo. Lakini bega la mtu nalo lina mviringo, na hakuna fundi cherehani anayekivuta kitambaa mpaka kikubali umbo la bega. Anakata vipande, anashona.

Alichukua mifuko ya simenti, akachana karatasi ya ndani iliyo safi, akailaza juu ya dashibodi na kuichora kwa chaki kama anayempima mtu. Vikatoka vipande vitatu. Mumewe alivitazama akatikisa kichwa. "Mshono utaonekana."

"Uonekane. Nitaupitisha mistari miwili uwe pambo."

Oswald alileta leza nyingine, ya kahawia safari hii. Hildegarda alishona vipande kwa ile cherehani kubwa ya kukanyaga, uzi mnene wa rangi ya maziwa, mistari miwili iliyokwenda sambamba kutoka dirisha hadi dirisha. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na draya waliyoazima saluni ya kulainishia leza haikuwa na kazi. Alikwenda nyuma ya jiko, akaitandaza leza juu ya bati lililokuwa chini juani. Saa saba na nusu aliikunja ikakunjika kama kitenge kilichofuliwa mara nyingi. Akaiingiza ndani mbio, gundi ikiwa imefikia pale pale pa kushika, akaanzia katikati kwenda pembeni. Lupakisyo alisimama bila fimbo, akaegemea meza, na kwa kiganja cha kushoto akawa anakandamiza nyuma yake kila alipopita. Kwenye matundu ya hewa Hildegarda alikata msalaba na kukunja ncha kwa ndani.

Waliitoa juani siku mbili. Haikunyanyuka hata unywele.

Siku ya kumi na mbili, dashibodi ikiwa imerudi mahali pake na kila waya umekutana na rangi yake, Hildegarda alipanda kiti cha mbele, Oswald akaliendesha mpaka Mikumi kwa ile barabara ya vijiji vya Ulaya na Zombo, yenye kutikisa kila kitu ambacho hakikufungwa sawasawa. Hakuna kilicholia. Msimamizi wa magari pale hotelini, mwanamke aliyeitwa Editha, alifungua mlango, akapitisha vidole juu ya ule mshono mara mbili.

"Umepata wapi mpya?" alimuuliza Oswald.

"Ni ile ile. Imevalishwa Kilosa, nyumbani kwa watu."

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi uwe getini. Kuna wageni wanne."

Madereva wengine walikuwa wamesogea. Fundi Goodhope naye alikuja kutoka karakana yake ya jirani, akaingiza kichwa, akabonyeza kwa dole gumba kingo za chini ya kioo, mahali ambapo kazi mbaya hujificha. Alibonyeza mpaka akamaliza.

"Mzee Lupakisyo amepona?" aliuliza.

"Anaendelea vizuri," alijibu Hildegarda. "Ameielekeza. Nimeishona mimi."

Goodhope alimtazama, akatazama tena mshono. Alikuwa mtu asiyesifia ovyo. "Nina pikapu nimeifungua injini," alisema, "dashibodi yake iko chini, imekufa kama hii ilivyokuwa. Mama, utaichukua?"

"Nitaichukua. Kifuniko cha mfuko wa hewa nakiacha kama kilivyo."

"Hilo wengi hawalijui," alisema Goodhope.

Hildegarda alimpigia mumewe simu akiwa amesimama pale pale kivulini mwa karakana. Alimweleza yote. Kisha Lupakisyo alicheka, kicheko kirefu ambacho hakikukwama popote.

Jioni Oswald alimrudisha Kilosa, yeye amekaa mbele, dashibodi ya pikapu imelazwa kiti cha nyuma ikiwa imefunikwa kanga yake. Pale Zombo wanawake waliokuwa wakitoka shambani walisimama kupisha gari. Akashusha kioo, akawapungia mkono.