Ng'ombe Hawahesabiwi

Siku yangu ya kwanza kazini niliufundisha ubao. Nilikuwa nimemaliza Kidato cha Nne, nasubiri kupangiwa shule, na shule ya msingi ya kijijini kwetu, karibu na Sirari, ikanipokea nijitolee kufundisha hesabu Darasa la Tatu. Kwa aibu sikugeuka hata mara moja. Mwalimu wa Taaluma akachungulia dirishani.

"Binti, huo ubao umeshaelewa. Sasa waambie na watoto."

Nilifundisha hesabu kwa hatua. Swali kubwa unalivunja vipande, unaandika maagizo ambayo hata mgeni angeyafuata, na jibu likikataa unarudi nyuma hatua moja moja hadi uone ulipokosea. Asubuhi ukungu uliingia mpaka darasani, na sauti za watoto zilikuwa kama zinatoka usingizini.

Bhoke tu ndiye hakuwahi kusema neno.

"Ijumaa nakuja," Mwalimu wa Taaluma akaniambia. "Akinyamaza tena, anarudi la Pili."

Nikamtafutia swali la nyumbani. "Bhoke, kwenu kuna ng'ombe wangapi?"

Darasa zima likaguna.

"Mwalimu, ng'ombe hawahesabiwi!" Gati, jirani yake wa dawati, akaruka. "Unataka wafe?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mimi mwenyewe Mkurya! Baba angenisikia, sijui ningelala wapi.

"Basi... jioni mnajuaje kama mmoja hajarudi?"

Bhoke akasimama. "Nafungua ndama, mmoja mmoja. Kila ndama anakwenda kwa mama yake. Anayebaki analia, mama yake hajarudi."

Nikaandika ubaoni. Hatua zilikuwa tatu, bila namba hata moja.

Ijumaa nusu ya darasa wakawa ndama, nusu mama. Bhoke akafumba macho, Mwalimu wa Taaluma akamficha mama mmoja nyuma ya ofisi. Bhoke akafungua ndama zake taratibu, mpaka akabaki Gati, analia kwa mbwembwe.

"Mama wa Gati hayupo."

Mwalimu wa Taaluma alicheka hadi miwani ikamtoka. "Huyu habanduki hapa."

Sasa nimestaafu, naenda Kidato cha Tano. Ilikuwa kazi ya miezi michache tu, ila bado naiota: ndama wanatoka ukunguni, kila mmoja anajua anakokwenda.

Siku ya mwisho Bhoke alinifuata mezani. "Mwalimu, kesho usipokuja tutajua."

"Mtajuaje?"

"Kuna mmoja atalia."

Nikaugeukia ubao, kama siku ile ya kwanza, nikaufuta polepole, ingawa ulikuwa safi.