Baba Alipoishusha Pikipiki

Oili iliyokaa miaka mingi ndani ya miguu ya mbele ya pikipiki hunuka kama samaki aliyeoza. Juzi nilipita mbele ya gereji, fundi alikuwa akiimwaga kwenye kopo, na harufu ile ikanirudisha uani kwetu Nyamirambo, mwanzoni mwa mwaka 1994, nikiwa msichana wa miaka tisa.

Baba alikuwa fundi wa redio. Pikipiki yake aliipenda hata mama akasema ameolewa uke wenza na chuma. Msimu ule wa mvua aliipandisha juu ya kreti za soda, akawa anaishughulikia kila alasiri baada ya swala, kimya, yeye aliyezoea kuimba akishika spana. Mtaa mzima ulikuwa umepunguza sauti. Watu walisalimiana harakaharaka, na redio zilizokwisha kutengenezwa zilijaa mezani bila wenyewe kuzifuata.

Alimwaga ile oili, akatia nzito zaidi, akakata vipande viwili vya bomba na kuvishindilia juu ya springi za mbele zisibonyee ovyo. Nyuma alifunga amotisa, yaani shokapu, fupi na ngumu alizozipata kwa fundi mmoja wa Gitega.

"Springi laini ni ya mtu mmoja," alitujibu kila tulipouliza.

Kisha akamkalisha mama kwenye nafasi ya dereva, mimi na mdogo wangu Idi tukapanda nyuma yake. Baba akapiga magoti matopeni na futi kamba, kupima pikipiki imezama kiasi gani.

"Iko juu bado," mama alisema. Alikuwa mfupi. "Miguu haifiki chini."

Akaifungua tena, akaishusha. Siku ya tatu nyayo za mama zikatua ardhini. Jirani yetu Mama Zaina, mshonaji, akachungulia juu ya ukuta, akasema hajawahi kuona mume anayempimia mke pikipiki kama gauni. Nilicheka sana. Baba hakucheka.

Wiki mbili alimfundisha kuendesha uwanjani. Mama alianguka mara mbili bila kulia. Nilimwona akilia siku nyingine, jikoni, akimuuliza baba, "Na wewe?"

"Mama yangu yuko kitandani," baba alijibu. "Nimwachie nani?"

Bibi alikuwa amepooza. Hata kukaa, alikalishwa.

Tuliondoka asubuhi ya manyunyu. Baba alituambia tunakwenda kumtembelea mama mdogo Ngara, ng'ambo ya mpaka, naye atafuata, bibi akipata nafuu. Alibonyeza matairi kwa kidole gumba, akakaza kamba ya mzigo, akamfunga Idi mgongoni kwangu kwa kitenge. Mimi nilikuwa na fahari ya kuendeshwa na mama yangu mbele ya mtaa mzima, wala sikugeuka kumtazama baba.

Wiki chache baadaye mauaji yakaanza. Tuliporudi, nyumba haikuwa na mlango. Mama Zaina, aliyenusurika, alitueleza kwamba majirani walimsihi baba akajifiche nao. Akawaambia watangulie, bado anamnywesha mama yake uji.

Kwa miaka mingi nilibeba jambo ambalo sikumwambia mtu. Niliamini baba alikosa nafasi kwenye pikipiki kwa sababu yangu. Kwamba ningebaki mimi, angepanda yeye. Nilikuwa tayari na watoto wangu nilipomwambia mama, tukichambua mchele.

"Tangu hajafungua hata skrubu moja alikuwa ameshaamua," alisema. "Nilijua. Kila siku aliponifundisha kuendesha, nilijua." Akapepeta mchele, akaendelea polepole: "Hata ingekuwa lori, mwanangu, angebaki."