Kitambaa cha Lenzi

Moshi wa udi unaponifikia harusini, mkono wangu huingia mkobani kutafuta kipande cha kanga kuukuu.

Shangazi alipiga picha za harusi upande wa wanawake, nami sikubanduka ubavuni pake. Siku moja, harusini mtaa wa Makorora, chetezo cha udi kilifuka mpaka lenzi ya kamera ikapata utando. Nikaifuta kwa upindo wa kanga yangu, uliolowa mafuta ya manukato. Picha zilipotoka kusafishwa, uso wa bibi harusi ulikuwa ukungu mtupu.

"Shangazi, sishiki tena kamera yako," nililia.

"Utashika." Akachana kanga yake iliyochakaa kwa kufuliwa, akanipa kipande. "Hiki hakijui manukato. Bibi harusi atavaa tena nguo zake za harusi Ijumaa apigwe picha upya, na nimeshamwambia mpiga picha ni wewe."