Fremu Saizi ya Shemeji

Shemeji yangu, mke wa kaka, ni fundi cherehani, na kwa ubishi sijaona mfano wake. Nasema hivyo kwa mapenzi. Duka langu la baiskeli na chumba chake cha kushonea vimetenganishwa na ukuta mwembamba, kiasi kwamba akipiga chafya yeye, najifuta mimi. Kutwa nzima namsikia akiwagombeza wateja wanaojibana wakati wa kupimwa.

"Liache tumbo likae," huwaambia. "Nashona suruali, sishoni picha."

Mimi hajawahi kunigombeza, maana tumbo sina. Kiuno changu ni kilekile cha siku ya harusi, na ushahidi ninao: yeye ndiye anayenishonea, na ndani ya mkanda wa kila nguo hutia lebo ya namba, kama nguo za dukani. Namba yangu haijabadilika hata mara moja. Wateja wangu wote wanalijua hilo, watake wasitake.

Jumamosi shemeji hupanda baiskeli ya mlimani na kikundi cha akina mama wa mtaani. Kiongozi wao ni nesi mstaafu wanayemwita Kapteni. Nyuma ya mji kuna njia ya msituni inayoshuka kwa ukali, na katikati yake kuna kona iliyojaa mizizi. Wenzake wote wanaipita. Shemeji akifika pale, gurudumu la mbele linajiendea linakotaka, mguu unashuka chini, na siku nyingine mwili mzima unaufuata. Sasa kikundi kilikuwa kinajiandaa kwenda mlima mkubwa, safari ambayo shemeji ameiota tangu watoto wake wakiwa shuleni. Kapteni akakata shauri: atakayeweka mguu chini kwenye kona ile Jumamosi ijayo, atabaki nyumbani.

Shemeji akaingia dukani kwangu na majani kwenye nywele.

"Nataka fremu mpya. Hii inanichukia."

Haikuwa inamchukia. Ilikuwa kubwa mno, na aliichagua mwenyewe. Shemeji ana mikono mifupi. Ili aufikie usukani inambidi ajinyooshe kama mtu anayechungulia kisimani, uzito wote unabaki nyuma, na gurudumu la mbele linakosa wa kulikandamiza. Gurudumu jepesi halishiki ardhi, tena kwenye mizizi ndiyo kabisa.

Ukutani nilikuwa na fremu mbili mpya za kijani: saizi ya kati na saizi kubwa. Nikamshushia ya kati. Akaitazama kama ameletewa sare ya chekechea.

"Hii inabana."

"Shemeji, fremu haibani."

"Kila kitu kinabana. Nipe kubwa. Ikizidi, tutapunguza."

"Tutapunguza na nini?"

"Fundi ni wewe. Hiyo ndogo je, ina pindo la kufumua?"

Nikaeleza weee mpaka mate yakanikauka: fremu fupi inageuka upesi, inamleta mpandaji karibu na usukani, inatii. Wapi! Tangu aanze kazi shemeji hajakata kitambaa bila kuacha nafasi, na hakuwa tayari kuanza na chuma. "Kubwa," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, akarudi kwenye cherehani yake. Niliudhika, nisidanganye. Ningemfungia hiyo kubwa, angeanguka, halafu lawama ningekula mimi kwenye kila mkutano wa ukoo.

Hapo ndipo utundu uliponijia. Vibandiko vya saizi ni plastiki tu. Ukivipasha moto vinabanduka bila kuchanika. Nikaenda upande wa pili wa ukuta.

"Shemeji, niazime pasi."

"Ya nini?"

"Ninyooshe suruali."

"Wewe?" Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Haya, chukua."

Nikapasha, nikabandua, nikabadilisha. Ya kati ikawa kubwa, kubwa ikawa ya kati. Nikaifungia ile ndogo magurudumu yake, breki na kila kitu, kisha nikajikausha. Alipokuja kuichukua alikisoma kibandiko, akatabasamu.

"Unaona? Hii ina nafasi."

Niliuma ulimi, nusura niumeze.

Jumamosi nikafunga duka, nikaenda kusimama konani pamoja na kaka, aliyebeba sanduku la plasta na dawa ya vidonda. Shemeji akatokea juu, viwiko vimekunjwa, kifua karibu na usukani. Kama nilikuwa nimekosea, nilikuwa namvunja mke wa kaka yangu kwa mchezo wa pasi. Gurudumu likakanyaga mzizi wa kwanza, likatulia. Likakanyaga wa pili. Akainama, akageuka, akapita, miguu yote iko kwenye pedeli! Kapteni akapuliza filimbi. Kaka akaachia sanduku, akaanza kucheza juu ya plasta.

"Kubwa!" shemeji alipiga kelele kutoka chini. "Si niliwaambia? Huyu alitaka kunipa ya watoto!"

Wanawake wakanicheka. Nikainamisha kichwa kwa adabu zote, huku moyoni najiona bingwa wa dunia.

Akapanda akiikokota baiskeli mpaka nilipokuwa, akanisogelea sikioni.

"Pasi yangu imerudi na gundi."

"Gundi gani tena?"

"Na ulipokwenda kula nilizipima fremu zote mbili. Hii tepu inayokaa shingoni mwangu kutwa, ulidhani ni mkufu?"

"Sasa mbona umeipanda? Na hizo kelele za kubwa, kubwa?"

"Nilishatamka kubwa, mtaa mzima ukanisikia. Wewe ukanipa inayonifaa bila kunivunjia heshima. Nikatae kwa nini?" Akanipangusa vumbi begani. "Hata mimi nakufanyia hivyohivyo, mwaka hadi mwaka."

"Unanifanyia nini?"

Akautazama mkanda wa suruali yangu, akapanda baiskeli, akaenda zake.

Nilipofika nyumbani nilijifungia chumbani na tepu. Nikajipima. Nikavuta tumbo ndani, nikajipima tena. Namba ya tepu na namba ya lebo hazikuwa hata majirani. Jamani, niliona aibu peke yangu, mlango umefungwa.

Jumatatu nikampelekea kitambaa cha suruali mpya. Akakipokea, akakitandaza mezani, akachukua chaki.

"Lebo niweke namba gani, shemeji?"

Nikatazama dari. "Ileile."

"Ileile," akasema, akaanza kukata, na nafasi akaacha ya kutosha.