Taa ya Tano

Mwaka ule niliamua kwamba wanangu wataadhimisha Majilio, zile Jumapili nne za kungojea Krismasi kwa kuongeza mshumaa mmoja kila Jumapili, kama nilivyofanya mimi nikiwa mtoto Lubumbashi, wapende wasipende. Wamezaliwa Johannesburg, na Krismasi wanayoijua ni ya madirisha ya maduka. Mvua ya mawe ilikuwa imepiga mchana, kwa hiyo tulishuka kutoka kwenye fleti yetu Joubert Park tukaokota matawi mabichi yaliyoangushwa. Mwanangu wa kiume, wa miaka saba, alijaza mifuko yake maganda ya mjakaranda. Dada yake wa miaka minne alichagua jani moja tu, tena lenye tundu, akakataa katakata kulibadilisha. Matawi niliyazungusha kwenye sinia yakawa taji. Mishumaa minne ya zambarau sikuipata, nikanunua pakiti ya mishumaa myeupe kwenye spaza, kiduka cha mtaani, nikaifunga miguuni vitambaa vya zambarau vilivyobaki kwenye cherehani yangu. Nilijisifu, sikatai.

Saa kumi na mbili jioni jua la kiangazi lilikuwa bado linang'ang'ania. Nikafunga mapazia, nikazima taa, nikawasha mshumaa wa kwanza. Nikasubiri washangae.

Kaka mtu aliruka, akidhani ni mgao wa umeme. "Maman, load-shedding! Usifungue friji!" Mdogo wake akaanza kukohoa.

"Nyie watoto, hebu tulieni tusali!" nilifoka, nikidhani ni michezo yao. Kisha nikasikia kifua cha binti yangu kikipiga filimbi, na nikaona macho yake yalikokwenda: kwenye kona, kwenye mashine yake ya mvuke wa dawa. Ana pumu. Majira ya baridi yaliyotangulia umeme ulikatika mashine ikiwa usoni mwake, lifti nayo ikafa, nikamshusha mgongoni ghorofa tisa nikimulika ngazi kwa mshumaa mweupe wa spaza. Sasa nimemwashia mshumaa wa aina ileile, nimeuvika kitambaa, nikategemea afurahi. Kwake mwanga huo ulikuwa wa kukosa pumzi, na mimi mama yake sikuwa nimeliona hilo.

Niliwasha taa zote, hata ya bafuni. Nikawasha mashine, ikanguruma, kitaa chake cha kijani kikawaka. Baada ya muda kifua kilitulia, nami nikalia kwa ahueni mbele yao, bila aibu yoyote.

Jumapili mbili zilizofuata tulisali taa zikiwaka, mashine ikiwa mezani kando ya taji. Binti yangu alibandika jani lake lenye tundu juu ya mashine, akatangaza kwamba kile kitaa cha kijani ni mshumaa wa tano. Nilimweleza kwamba hii mishumaa hatuiwashi kwa sababu umeme umekatika, tunaiwasha kwa sababu Yesu yuko njiani. Alinitazama kama anavyonitazama ninapoapa kwamba sindano haiumi.

Jumapili ya nne matawi yalikuwa yamekauka. Tulipokwisha kuwasha mishumaa yote, binti yangu alivuta kiti mpaka kwenye swichi, akapanda.

"Maman, nazima."

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mashine. Taa zikazimika. Nikakisikiliza kifua chake: kimya, kinapanda na kushuka taratibu. Changu ndicho kilichokuwa kinaenda mbio.

"Maman, usiogope," alisema kutoka juu ya kiti, kwa Kiswahili changu cha Lubumbashi. "Haiko load-shedding. Ni Yesu tu anakuya."